Ukimya katika Albamu ya Hisani: Historia ya Dark Was the Night (2009)

Mnamo Februari 2009 kampuni ya 4AD ya Uingereza ilitoa albamu ya nyimbo 31 iliyopewa jina la Dark Was the Night. Nyimbo hizo zilitolewa na wanamuziki na makundi huru, wengi wao wa Marekani na Kanada, ili mapato yake yaende kwa mashirika yanayopambana na UKIMWI. Waliosimamia kazi hiyo walikuwa ndugu wawili pacha, Aaron na Bryce Dessner wa kundi la The National, kwa niaba ya shirika la Red Hot la New York ambalo wakati huo lilikuwa limefanya kazi ya aina hiyo kwa takriban miaka ishirini. Hizi ni habari za kawaida ambazo zingeweza kuachiwa kurasa za burudani za magazeti. Linalomhusu mhakiki wa fasihi ni jambo lingine. Katika majina ya nyimbo zote 31 ugonjwa hautajwi hata mara moja, wala hamna miongoni mwake wimbo wa mawaidha. Msikilizaji anayezisikia redioni bila kuliona jalada hana njia ya kujua kwamba anasikiliza mchango uliotolewa kwa ajili ya wagonjwa.

Ukimya huu waweza kufasiriwa kwa haraka kwa njia mbili. Ya kwanza ni kusema kwamba wanamuziki hao hawakujali, kwamba kila mmoja alitoa alichokuwa nacho kabatini. Ya pili ni kusema kwamba sanaa haina deni la ujumbe, na hivyo hakuna cha kuhojiwa. Makala haya hayakubaliani na fasiri yoyote kati ya hizo. Ukimya wa albamu hii una historia yake, na historia hiyo inaonyesha jinsi maana ilivyohama kutoka katika maneno ya nyimbo na kuingia katika jina la albamu, katika mpangilio wa nyimbo, na katika maisha ya mtu mmoja aliyefariki mwaka 1945. Kwa wasomi wa fasihi ya Kiswahili suala hili si geni. Kazi nyingi zilizoandikwa kwetu kuhusu UKIMWI, mbali na chache zenye upana wa riwaya ya William Mkufya, Ua la Faraja (2004), zimelaumiwa kwa kuhubiri. Ni nadra, hata hivyo, kwa walaumu hao kueleza kazi isiyohubiri itaubeba vipi mzigo uleule.

Hapo mwanzo wimbo ulilazimika kusema. Mwaka 1987 Franco Luambo Makiadi alitoa wimbo mrefu uitwao Attention na Sida, kwa Kilingala na Kifaransa, ambamo anaukabili ugonjwa kwa jina lake na kuyaonya makundi mbalimbali ya jamii. Miaka miwili baadaye, mwaka 1989, mwanamuziki wa Uganda Philly Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden, alirudi kwao na kutangaza hadharani kwamba alikuwa ameambukizwa. Alizunguka shuleni na makanisani akieleza habari zake mwenyewe, na wimbo wake Alone and Frightened ukawa sauti ya wagonjwa ambao hawakuthubutu kujitaja. Alifariki tarehe 15 Desemba mwaka uohuo. Katika nyimbo hizi mbili nafsi ya mwimbaji inajulikana, jina la ugonjwa linajulikana na hadhira inajulikana. Mhakiki anayezishutumu kwa uwazi wake husahau kwamba zilitolewa wakati ambapo familia nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa zikizika wapendwa wao na kusema ni homa, ni kifua, ni kurogwa. Hapa Kenya, ambako mgonjwa wa kwanza alitambuliwa mwaka 1984, serikali haikuutangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa hadi Novemba 1999. Kuutaja ugonjwa ndani ya wimbo miaka kumi kabla ya tangazo hilo kulikuwa tendo zito, na uzito huo ni sehemu ya sanaa ya wimbo wenyewe.

Huko New York shirika la Red Hot, lililoasisiwa na mwanasheria John Carlin pamoja na Leigh Blake, lilianza katika hali isiyotofautiana sana na hiyo. Albamu yake ya kwanza, Red Hot + Blue (1990), ilikuwa ya nyimbo za Cole Porter (1891-1964), na jina lake lilitokana na tamthilia ya muziki ya Porter ya mwaka 1936. Uteuzi huo ulikuwa na werevu wake. Porter alitunga nyimbo za mapenzi zenye maneno ya kupindapinda, akiwa mtu aliyeyaficha mapenzi yake halisi, na nyimbo hizo zikaangukia mikononi mwa kizazi ambacho mapenzi yalikuwa yakikiua. Neneh Cherry aliuchukua mmojawapo na kuuvunja, akatia maneno mapya ya kughani yanayouzungumzia UKIMWI waziwazi. Annie Lennox hakubadilisha kitu katika wimbo wake wa kuagana, lakini katika filamu yake fupi alisimama mbele ya picha za utotoni za mwelekezi wa filamu Derek Jarman, ambaye ndiye aliyetazamiwa kuiongoza filamu hiyo kabla ugonjwa haujamzuia. Salif Keita wa Mali naye alikuwamo. Katika albamu hiyo, basi, tayari kulikuwa na njia mbili: ya Cherry, inayoongeza maneno, na ya Lennox, inayoyaacha maneno ya zamani jinsi yalivyo na kuyawekea kando yake kitu kinachoyabadilisha maana. Njia ya pili ndiyo iliyoshinda.

Albamu ya No Alternative (1993) ilihamisha kazi hiyo kwa vijana wa muziki wa gitaa waliokuwa wametoka katika kampuni ndogo ndogo za kurekodi. Kisa kimoja chatosha kuieleza. Kundi la Nirvana, ambalo wakati huo lilikuwa mashuhuri kuliko makundi yote yaliyoshiriki, lilitoa wimbo, ila jina lake halikuorodheshwa katika jalada kwa sababu za kimkataba. Mtoaji akawa na kitu cha kutoa, asiwe na ruhusa ya kuonekana akikitoa. Katika mila nyingi za sadaka huu ungekuwa ukamilifu wa utoaji, kwani mkono wa kushoto haukujua ulichotoa wa kulia. Katika biashara ya muziki ulikuwa ushahidi kwamba sauti ya mtu yaweza kuwa mali ya mwingine.

Mwaka 2002 shirika hilo lilitoa Red Hot + Riot, albamu ya nyimbo za Fela Kuti iliyowakutanisha wanamuziki wa Afrika na wa Marekani weusi. Fela alifariki tarehe 2 Agosti 1997, na aliyeutangazia ulimwengu kwamba kifo hicho kilitokana na UKIMWI alikuwa kaka yake, Olikoye Ransome-Kuti, daktari aliyewahi kuwa waziri wa afya wa Nigeria. Hapa ugonjwa haukuhitaji kutajwa katika nyimbo kwa kuwa mtunzi mwenyewe ndiye aliyekuwa ishara yake. Aidha, tangu mwaka 1996, matibabu ya kuchanganya dawa kadhaa yalipothibitishwa kuwa yanarefusha maisha, swali lilikuwa limebadilika. Haja ya kuwaambia watu kwamba ugonjwa upo ilipungua. Ile ya kuzilipia dawa na kuzifikisha kwa wasio nazo ikazidi. Wimbo wa mawaidha hufaa haja ya kwanza. Kwa haja ya pili, wimbo wowote unaonunuliwa hufaa.

Tofauti hii ndiyo inayoeleza kwa nini albamu ya 2009 iliwezekana katika umbo lake. Mwanamuziki aliye chini ya kampuni kubwa aghalabu hamiliki rekodi zake. Akitaka kutoa wimbo mmoja kwa hisani huhitaji idhini ya wanaoumiliki, na idhini hiyo huja polepole au haiji kabisa. Aliye na kampuni ndogo huwa na mkataba mwepesi zaidi, mara nyingine ndiye mwenye rekodi, na anaweza kurekodi wimbo nyumbani kwa rafiki yake na kuutoa. Uhuru unaotajwa katika istilahi ya wanamuziki huru hauna budi kueleweka kwanza hivyo, kama uwezo wa kutoa, kabla ya kueleweka kama mtindo wa muziki. Ni kweli kwamba neno lenyewe lilitumika kwa ulegevu. The Decemberists walikuwa wamekwisha kujiunga na Capitol, na Ben Gibbard, aliyeimba humo na Feist, alitoka katika kundi lililokuwa na mkataba na Atlantic. David Byrne, ambaye alikuwamo katika albamu ya 1990 na sasa anaonekana tena katika wimbo wa ufunguzi akiwa na Dirty Projectors, hakuwa chipukizi wa kampuni yoyote ndogo. Hata hivyo kazi ilifanyika kwa mtindo wa kirafiki zaidi kuliko wa kiofisi. Akina Dessner waliwaita waliowafahamu, na hao wakawaita wengine.

Kwa msomaji wa Kenya mfano wa harambee hauepukiki, na tofauti yake inafundisha kitu. Katika harambee jina la mtoaji husomwa kwa sauti pamoja na kiasi alichotoa, na haja inayochangiwa hutajwa tena na tena ili mkono usirudi mfukoni. Katika Dark Was the Night jina la mtoaji lipo kubwa. Haja ndiyo iliyonyamaza.

Haja hiyo ilijificha katika jina. Dark Was the Night ni sehemu ya jina la rekodi ya Blind Willie Johnson, mwimbaji kipofu wa Texas, aliyeirekodi mjini Dallas tarehe 3 Desemba 1927 kwa ajili ya kampuni ya Columbia. Johnson alizaliwa mwaka 1897, na yasemekana alipofuka akiwa mtoto baada ya kumwagiwa magadi usoni na mama wa kambo. Aliimba nyimbo za dini mitaani, kwa sauti nzito iliyokwaruza. Katika rekodi hii, tofauti na nyingine zake, hakuna maneno. Mna gitaa linalopigwa kwa kutelezesha kitu kigumu juu ya nyuzi, na sauti ya mtu anayeguna na kuomboleza bila kutamka neno. Jina lake ndilo pekee linalotueleza anaomboleza nini, kwa kuwa ni mstari wa kwanza wa utenzi wa kanisa wa Kiingereza kuhusu usiku wa Yesu katika bustani ya Gethsemane. Waumini wa makanisa ya watu weusi walioufahamu utenzi huo hawakuhitaji kuambiwa maneno yake. Waliyaweka wenyewe katika ukimya wa mwimbaji.

Kifo cha Johnson ndicho kinachoufanya uteuzi wa jina hilo uwe zaidi ya mapambo. Mwaka 1945 nyumba yake mjini Beaumont iliungua. Yeye na mkewe Angeline, wakiwa hawana pa kwenda, walilala katika mabaki yake juu ya matandiko yaliyolowa maji, naye akaugua. Kwa mujibu wa masimulizi ya mjane wake, alipopelekwa hospitali alikataliwa. Masimulizi mengine husema sababu ilikuwa upofu wake, mengine husema ilikuwa rangi yake. Alifariki tarehe 18 Septemba 1945. Cheti chake cha kifo kinataja homa ya malaria, na pamoja nayo kaswende. Mtu maskini, mweusi, kipofu, aliyefungiwa mlango wa matibabu, na aliyeandikiwa katika karatasi ya serikali ugonjwa wa aibu: ni vigumu kumpata mgonjwa aliyefanana zaidi na wale ambao shirika la Red Hot lilianzishwa kwa ajili yao. Albamu haikulieleza jambo hili kwa msikilizaji katika wimbo wowote. Iliuweka tu wimbo wa Johnson katikati ya diski ya kwanza, ukipigwa na Kronos Quartet kwa fidla mbili, viola na chelo, na kwa mara ya pili wimbo ukawa hauna maneno. Sasa hata sauti ya mtu haimo.

Mtu anaweza kuuliza kama fasiri hii haimpi msimamizi wa albamu sifa asizostahili. Huenda jina lilichaguliwa kwa uzuri wake tu. Rekodi ya Johnson ilikwisha kuwa maarufu kwa sababu nyingine, maana mwaka 1977 ilitiwa katika santuri ya dhahabu iliyobebwa na vyombo viwili vya Voyager kwenda nje ya mfumo wa jua, na tangu hapo imekuwa ikitajwa kama kilio cha binadamu wote. Lakini hoja ya makala haya haitegemei nia ya msimamizi. Matini iliyokopwa huja na historia yake, apende asipende aliyeikopa, na wajibu wa mhakiki ni kuifungua. Kwa hakika Johnson wa Voyager ni msaada mdogo kwa msomaji: amefanywa sauti ya wanadamu wote kiasi cha kusahaulika kwamba wanadamu wenzake walimwacha afe. Albamu ya hisani, kwa kumweka karibu na wagonjwa, inamrudisha duniani.

Kuna ushahidi zaidi kwamba mkusanyiko huu huzungumza kwa njia ya ujirani wa nyimbo kuliko kwa maneno ya wimbo mmoja mmoja. Katika diski ya pili Cat Power anaimba Amazing Grace. Maneno ya wimbo huo yalitungwa na John Newton, aliyekuwa nahodha wa meli za watumwa kati ya pwani ya Afrika Magharibi na Amerika kabla ya kuwa kasisi, na yalichapishwa mwaka 1779. Utenzi wa Gethsemane ambao Johnson aliuchukulia jina ulitungwa na Thomas Haweis na kuchapishwa mwaka 1792. Wawili hawa walifahamiana: masimulizi ya Newton kuhusu maisha yake baharini, yaliyotolewa mwaka 1764, yalianza kama barua alizomwandikia Haweis. Tenzi za marafiki wawili wa Kiingereza zilivuka bahari, zikapita katika vinywa vya wajukuu wa watu waliobebwa na meli kama zile za Newton, na zikakutana tena katika albamu moja mwaka 2009 bila ya yeyote kuzikutanisha kwa makusudi. Mwingiliano matini wa namna hii hautokei katika albamu ya mtunzi mmoja. Hutokea katika diwani ya wengi, ambako kila mmoja huleta chake na mhariri hana mamlaka kamili juu ya kilichomo.

Karibu nusu ya nyimbo za albamu hii ni za kurudiwa, nyingi zikiwa za watunzi waliokwisha kufa au kusahauliwa. The Books na José González wanauimba wimbo wa Nick Drake, aliyefariki mwaka 1974. Bryce Dessner anampigia gitaa mwimbaji ambaye wakati huo alijiita Antony, na ambaye sasa ni Anohni, katika wimbo aliourekodi Bob Dylan mwaka 1961 kuhusu kijana aliyeondoka nyumbani na kupata habari za kufiwa akiwa mbali. Wimbo huo, katika kinywa cha mwimbaji aliyekomaa kisanaa miongoni mwa wasanii wa New York waliopoteza marafiki wengi katika miaka ya themanini na tisini, si wimbo uleule wa Dylan. Diski ya kwanza nayo inafungwa na Sufjan Stevens kwa wimbo mrefu, You Are the Blood, ambao asili yake ni ya kundi la Castanets la Marekani, na ambao haukutungwa kwa ajili ya UKIMWI. Katika diski ya pili mwimbaji Buck 65 anaurudia na kuujenga upya kwa jina la Blood Pt 2. Damu, basi, inatajwa mara mbili, na mara zote mbili imekopwa. Hapo ndipo majina ya nyimbo za albamu hii yanapoukaribia zaidi ugonjwa wenyewe, na yanaukaribia kwa sababu tu ya mahali nyimbo hizo zilipowekwa.

Ubora huu hauondoi upungufu wa albamu, na upungufu wenyewe ni mkubwa. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2008, watu takriban milioni 33 walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, na theluthi mbili yao walikuwa katika Afrika kusini mwa Sahara. Katika Dark Was the Night hakuna sauti hata moja kutoka bara hilo. Albamu ya 1990 ilikuwa na Keita na ile ya 2002 ilijengwa juu ya Fela. Albamu iliyotoka wakati mzigo wa ugonjwa ulikuwa umeelemea Afrika kuliko kwingineko ilikusanya marafiki wa Brooklyn na Montreal. Njia ya kirafiki iliyoifanya kazi iwe nyepesi ndiyo iliyoifunga mlango. Anayewaita anaowafahamu hawezi kumwita asiyemfahamu. Ukimya wa Johnson ni wa mtu aliyenyimwa maneno. Ukimya wa baadhi ya waliochangia ni wa watu ambao hawakuwa na haja ya kuyatafuta, na mhakiki hana budi kuutenganisha ukimya mmoja na mwingine hata kama vinapatikana katika diski moja.

Isitoshe, njia ya kukaa kimya ina hatari ambayo Franco na Lutaaya hawakukabiliana nayo. Wimbo unaotaja ugonjwa huendelea kuutaja kila unapopigwa, hata baada ya jalada kupotea. Albamu inayotegemea jalada, jina na ujirani wa nyimbo hupoteza maana yake siku nyimbo zinapotawanywa, na tangu mwaka 2009 nyimbo zimetawanywa kuliko wakati wowote uliotangulia, zikisikilizwa mojamoja kupitia intaneti, bila mpangilio na bila dibaji. Big Red Machine, wimbo ambao Aaron Dessner aliutoa humo pamoja na Justin Vernon, ulizaa kundi lenye jina hilohilo ambalo lilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 2018. Wasikilizaji wengi wa kundi hilo walilifahamu jina bila kujua lilikotoka.

Tarehe 3 Mei 2009 baadhi ya washiriki walikutana katika ukumbi wa Radio City mjini New York kuziimba nyimbo hizo mbele ya watu. Mwaka 2016 akina Dessner walilifanyia shirika la Red Hot albamu nyingine, Day of the Dead, yenye nyimbo 59, zote zikiwa za kundi moja la California la Grateful Dead. Ujirani wa tenzi za kanisa, blues na nyimbo zilizosahauliwa haukuwamo tena.